Mabingwa mara 13, na hawapandi daraja

Juni 2024 Hershey Bears, timu ya hoki ya barafu ya huku Marekani, walichukua kombe lao la 13. Ilikuwa mechi ya sita ya fainali, nyumbani kwao, timu zimefungana 4–4 na muda wa nyongeza unakwenda, mpaka Matt Strome alipotia goli na wenzake wakamrundikia. Nikamtumia shemeji yangu wa Morogoro kipande cha video. Kwanza alilalamika kwamba haoni mpira. Nikamweleza kwamba mpira haupo, kuna kisahani cheusi cha raba ngumu, na hata sisi tunaokaa uwanjani mara nyingi tunajua kimeingia kwa kusikia kelele za watu. Halafu akauliza swali la mtu aliyekulia kwenye soka:

"Hongereni shem. Kwa hiyo mwakani mnacheza ligi kuu?"

"Hapana shem, tunabaki palepale."

"Mmefungiwa?"

"Hatujafungiwa. Huku timu hazipandi."

Zikapita dakika kadhaa ndipo jibu likaja: "Sasa wanacheza ili iweje?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu vipande vipande kwa ujumbe wa sauti, na nadhani amechoka kusikiliza sauti za dakika saba saba. Afadhali niandike.

Hershey ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, watu kama 14,000. Ukitoka Harrisburg, makao makuu ya jimbo, unafika kabla hujamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Kusini yake iko Lancaster, ambako Wakongomani waliofika kama wakimbizi wamefanya Kiswahili kiwe kitu cha kawaida kwenye foleni ya dukani na kwenye ibada za Jumapili. Mimi niko katikati, nafanya kazi ghalani kama nusu ya watu ninaowafahamu huku. Mji wenyewe una barabara iitwayo Chocolate Avenue, inayokatana na Cocoa Avenue, na baadhi ya taa za barabarani zimetengenezwa kwa umbo la zile pipi za chokoleti zenye ncha. Mgeni hucheka. Baada ya muda unaacha kuziona.

Ligi kubwa ya hoki ya barafu duniani ni NHL, timu 32 za Marekani na Kanada. Chini yake kuna AHL, nayo ina timu 32, na kila moja imefungamanishwa na timu moja ya juu, ama kwa kumilikiwa nayo ama kwa mkataba. Timu ya juu inasajili vijana, inawapeleka chini wakaive, inawaita ikiwahitaji. Mtu akiumia goti asubuhi kwenye Washington Capitals, timu ya juu ya Hershey, jioni kijana wa Hershey yuko barabarani na begi lake. Ngazi ipo, lakini ni ya mchezaji peke yake. Timu yenyewe haina pa kupanda, na haina pa kushuka pia. Ukiburuta mkia unabaki, ukichukua kombe unabaki. Nafasi ya NHL hununuliwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, na mji wa watu 14,000 hauingii kwenye hesabu hizo hata siku moja.

Kwetu sisi raha ya ligi za chini ni ngazi. Mtibwa Sugar ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, ikaja ikachukua ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000 mbele ya macho ya Simba na Yanga. Shemeji anaikumbuka miaka ile kama harusi yake mwenyewe. Hershey nayo ni timu ya kiwanda, kiwanda cha chokoleti, ila ngazi imeondolewa. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kingine kinachoishikilia, na kitu hicho huwezi kukiona bila kurudi nyuma kwa mwenye kiwanda.

Milton Hershey alizaliwa mwaka 1857 jirani na hapo ulipo mji wake leo. Alifilisika Philadelphia, akafilisika tena New York, ndipo akafanikiwa Lancaster kwa kutengeneza karameli. Mwaka 1900 aliuza kampuni ya karameli kwa dola milioni 1 na kurudi shambani kwao, kwenye ng'ombe wa maziwa, kujenga kiwanda cha chokoleti. Kuzunguka kiwanda akajenga nyumba za wafanyakazi, benki, tramu, bustani ya michezo. Yeye na mkewe Catherine hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1909 wakaanzisha shule ya bweni ya yatima. Mwaka 1918, mkewe akiwa amekwisha kufariki, akaikabidhi mali yake, hisa za thamani ya takriban dola milioni 60, kwa amana inayoiendesha shule hiyo. Niseme na upande wa pili, maana huku watu wanamwimba Milton Hershey kana kwamba ni malaika: hati ya shule ilitaka yatima wa kiume, na wawe weupe. Watoto weusi waliruhusiwa miaka ya 1960 mwishoni, na wasichana muongo uliofuata.

Hoki ilikuja hapo Februari 1931, kwa mechi ya maonyesho kati ya timu za nje, kwenye ukumbi mdogo wa barafu. Watu wakaipenda. Mwaka uliofuata timu ikahamia mjini ikaitwa Hershey B'ars, jina lililokuwa tangazo la chokoleti waziwazi, na baada ya watu kulisema sana likabadilishwa mwaka 1936 kuwa Bears, yaani dubu. Siku hizi timu ina dubu kifuani na jezi ya rangi ya kahawia ya chokoleti. Tangazo limebaki, limejifunza adabu tu.

Ilikuwa miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, kazi zimekauka nchi nzima, na mzee akaamua kujenga. Mwaka 1933 aliifungua mlimani ile hoteli kubwa ambayo ipo mpaka leo. Kisha ukaja uwanja wa barafu, uliofunguliwa tarehe 19 Desemba 1936. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jengo hili linanivutia kuliko hata timu. Mhandisi alikuwa Anton Tedesko, aliyeleta kutoka Ulaya mbinu ya kumwaga paa la zege jembamba lililopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Unene wa paa lile ni inchi 3.5, yaani sentimita 9 hivi, na limeruka ukumbi mzima bila nguzo hata moja katikati. Wajenzi walikuwa wanaume wa palepale, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona kazi ya namna hiyo, na waliimwaga zege kwa awamu ndefu mfululizo ili isipate kiungo dhaifu. Ndani mliwekwa viti zaidi ya 7,000, vingi kuliko wakazi wote wa mji wa wakati ule. Nani hujenga uwanja ambao mji mzima ukiingia, pamoja na wagonjwa na watoto wachanga, bado haujai? Lakini jengo limesimama, na ukiingia ukatazama juu, zege lile linaonekana kama limetundikwa na mtu aliyesahau kuweka mihimili.

Miezi minne baada ya ufunguzi, Aprili 1937, wafanyakazi wa kiwandani waligoma na kukalia kiwanda. Wafugaji waliokuwa wakiuza maziwa yao pale wakaona maziwa yanaharibika. Wakaungana na wafanyakazi waliokuwa upande wa mzee, wakavamia na kuwatoa wagomaji kwa virungu. Kwenye vipeperushi vya watalii habari hiyo haichukui nafasi kubwa. Mwaka mmoja baadaye, 1938, Bears waliingia kwenye ligi ya kulipwa ambayo leo ndiyo AHL, na toka hapo hawajakosa msimu hata mmoja wala hawajahama mji. Hakuna timu nyingine ya ligi hiyo inayoweza kusema hivyo.

Kombe la kwanza walilichukua mwaka 1947. Linaitwa Calder Cup, kwa jina la Frank Calder, rais wa kwanza wa NHL. Mtu aliyewageuza Bears kuwa jina kubwa alifika mwaka 1956 akitokea Pittsburgh, timu yake ya Hornets ilipovunjwa. Huyo ni Frank Mathers, beki aliyekuwa amecheza mechi 23 tu za NHL akiwa na Toronto. Hershey walimchukua awe mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Mwaka 1958 akawapa kombe, 1959 akalirudia. Alipoacha kucheza aliendelea kuwa kocha, alipoacha ukocha mwaka 1973 akabaki kuwa bosi, na alistaafu mwaka 1991 akiwa na makombe sita ya Hershey mkononi: hayo mawili, na ya 1969, 1974, 1980 na 1988. Lile la 1988 walilichukua bila kupoteza mechi hata moja ya mtoano, 12 kwa 12. Mwaka 1992 Mathers aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa hoki, kule wanakoingia nyota wa NHL. Mechi 23 juu, miaka 35 mji mmoja.

Miaka ile ya Mathers inahitaji hesabu kidogo. Kuanzia 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita tu. Sita mara wachezaji ishirini hivi, unapata nafasi 120 kwa bara zima lenye barafu kila kijiji cha Kanada. Aliyekuwa wa 121 alikwenda wapi? Alikwenda Hershey, au Cleveland, au Springfield. Willie Marshall ndiye mfungaji bora wa AHL wa nyakati zote, magoli 523, na misimu kadhaa ya utamu wake aliichezea Hershey. NHL alicheza mechi 33. Mike Nykoluk alicheza Hershey misimu 14, akaitwa juu kama mchezaji mara moja tu zamani sana, mechi 32, kabla hata hajafika Hershey. Baadaye alikuja kuwa kocha msaidizi wa Philadelphia walipochukua Stanley Cup, kombe la NHL, mwaka 1974 na 1975, kisha kocha mkuu wa Toronto. Ukisoma majina haya unaelewa kwamba "ligi ya chini" haikuwa na maana ya wachezaji wabovu. Wengi wao, wangezaliwa miaka ishirini baadaye, wangekuwa matajiri.

Uwanja ule uliona pia jambo ambalo hata wasiojua hoki wamelisikia. Tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 kwenye mechi moja ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu, Philadelphia Warriors dhidi ya New York Knicks, na ilikuwa hapo Hershey, si Philadelphia. Warriors walikuwa wakipeleka baadhi ya mechi zao za nyumbani huko kutafuta watazamaji. Waliokuwepo ni 4,124. Hakuna video. Kila mzee wa umri fulani wa maeneo haya anadai alikuwepo, na tukiwahesabu wote tutahitaji viwanja vitatu.

Kisha mambo yakawa magumu, na huko ndiko timu nyingine zilikofia. Mwaka 1967 NHL iliongeza timu mara mbili kwa mpigo. Mwaka 1972 ikazuka ligi nyingine kubwa, WHA, ikaanza kuwania wachezaji walewale na miji ileile. AHL ikasinyaa, na msimu wa 1976–77 ilibaki na timu sita tu. Hershey ilikuwa mojawapo. Sababu yake si ushujaa. Mwenye timu alikuwa kampuni tanzu ya ile amana ya shule, yenye uwanja wake, hoteli yake na bustani yake ya michezo, na timu ilikuwa sehemu ya kuwafanya watu waje mjini wakati wa baridi ambapo bembea zimefungwa. Tajiri mmoja mwenye timu akipata hasara misimu mitatu anauza. Hawa walikuwa na sababu ya kuvumilia.

Mpaka leo umiliki ni huohuo. Tiketi ninayolipia inakwenda kwa kampuni ya burudani ya mji, ambayo ni mali ya amana, na amana ipo kwa ajili ya shule. Shule ina wanafunzi zaidi ya 2,000 kutoka familia zenye kipato kidogo, wanaosoma, kula na kulala bure. Sisemi kwamba kila anayenunua bia kwa bei ile ya uwanjani anafanya sadaka. Bei ile ni ya wizi.

Mwaka 1996 ndiyo habari ninayoipenda kuwasimulia watu. Kwa miaka 12 Hershey ilikuwa imefungamana na Philadelphia Flyers. Ndugu wa karibu, umbali wa saa mbili kwa gari. Halafu Flyers wakaamua kuanzisha timu yao wenyewe ya AHL mjini Philadelphia, Phantoms, icheze kwenye uwanja wao wa zamani. Wachezaji wakaondoka. Hershey wakabaki kama mke aliyeachwa na vyombo, wakafunga mkataba na Colorado Avalanche, timu iliyoko milimani kabisa magharibi, kilomita zaidi ya 2,000. Kocha akawa Bob Hartley. Msimu huohuo wa kwanza walikutana na Phantoms kwenye mtoano, mechi saba, Hershey wakawatoa. Kisha wakachukua kombe la 1997. Hartley baada ya hapo aliitwa Colorado na mwaka 2001 akachukua Stanley Cup.

Phantoms je? Uwanja wao wa Philadelphia ulifungwa mwaka 2009, wakahamia Glens Falls, mji mdogo wa kaskazini mwa New York. Mwaka 2014 wakahama tena, wakaja Allentown, Pennsylvania, ambako wapo sasa na ni watani wetu wa jadi. Miji mitatu katika miaka 18. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya timu za ngazi hii: unajenga mapenzi na timu, unamnunulia mtoto jezi, kisha siku moja inapakiwa kwenye lori.

Hershey wenyewe waliwahi kuonja hofu hiyo, ingawa haikuhusu timu. Kiangazi cha mwaka 2002 wasimamizi wa amana walitangaza kwamba wanataka kuiuza kampuni ya chokoleti. Mji ukachemka. Wafanyakazi, wastaafu, wahitimu wa ile shule ya yatima, wote wakaingia barabarani na mabango, na serikali ya jimbo ikaenda mahakamani kuzuia. Wrigley, wale wa jojo, waliweka mezani dola bilioni 12.5. Septemba ile wasimamizi wakarudi nyuma, dili likafa. Mwezi uliofuata, Oktoba 2002, ukafunguliwa uwanja mpya wa Bears, Giant Center, viti 10,500. Mji ambao majuma machache nyuma ulikuwa haujui kama utabaki na kiwanda, ukaingia uwanjani kutazama hoki. Kiwanda cha zamani cha Chocolate Avenue kilikuja kufungwa miaka kumi baadaye, uzalishaji ukahamishiwa kwenye kile kipya magharibi mwa mji.

Tangu 2005 Hershey wamefungamana na Washington Capitals, na ndoa hii imezaa kuliko zote: makombe ya 2006, 2009, 2010, 2023 na 2024. Kocha wa 2006 alikuwa Bruce Boudreau, mtu mnene mwenye maneno mengi aliyezunguka ligi za chini miaka na miaka. Novemba 2007, Capitals wakiwa mkiani, walimpigia simu wamchukue. Msimu ule aliwafikisha mtoano na akatajwa kocha bora wa NHL. Capitals walipochukua Stanley Cup mwaka 2018, kipa Braden Holtby alikuwa amepita Hershey, beki John Carlson alikuwa amepita Hershey, na Jay Beagle ndiye aliyekuwa na simulizi tamu zaidi: alianzia ligi ya tatu, ECHL, akachukua kombe la huko mwaka 2007, akachukua mawili Hershey, kisha lile kubwa. Alikuwa mtu wa kwanza kuchukua makombe ya ligi zote tatu.

Lakini watu wa Hershey hawaoni fahari kwa waliopanda peke yao, na hili nililiona ghalani. Kuna mama mmoja wa umri wa mama yangu, yuko sehemu ya kupokea mizigo, ana tiketi ya msimu tangu enzi za uwanja wa zamani. Siku za Ijumaa yenye mechi anavaa jezi juu ya sweta. Nilitegemea nione jina la Holtby mgongoni. Limeandikwa GIROUX, herufi zimeanza kubanduka, ile X ameishona kwa uzi wa kahawia usiofanana na wenzake. Nikamuuliza Giroux ndiye nani. Alinitazama kama nimemuuliza Nyerere ndiye nani.

Alexandre Giroux alifunga magoli 60 msimu wa 2008–09, mengine 50 msimu uliofuata. Kuna kipindi alifunga mechi 15 mfululizo. Makombe mawili mfululizo, na ule msimu wa 2009–10 timu ilishinda mechi 60 za ligi, rekodi. NHL? Mechi zisizofika 50, zimetawanyika kwenye timu kadhaa. Kule juu walisema kasi yake haitoshi. Yule mama hajali walichosema kule juu. Kwa mtazamo wake waliopanda ni kama watoto waliosoma wakaenda mjini, unawapenda, unawaombea, ila aliyekaa ndiye aliyekufungia magoli. Aliongeza kwamba kijana akipanda akiwa na miaka 20 unakuwa hujamzoea hata sura.

Sheria za ligi zinawabana wakongwe: kila mechi wengi wa wachezaji lazima wawe ambao bado hawajacheza mechi nyingi za kulipwa. Nafasi chache zinazobaki ndizo kila timu inazichagua kwa makini, na Hershey ina sifa ya kuzijaza kwa watu waliokwisha kukubali kwamba hapa ndipo. Wanalipwa vizuri kiasi, wananunua nyumba, watoto wanaingia shule ya mtaa. Unakutana naye dukani anachagua nyanya. Nimewahi kumwona mmoja, pua imepinda, jino la mbele halipo, anasoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa kwa makini sana. (Ndiyo, wanapigana. Wakivuana glavu waamuzi husubiri kwanza, kisha kila mmoja anakwenda kukaa dakika 5 kwenye kibanda cha adhabu, na mechi inaendelea. Shemeji ndiyo sehemu pekee aliyoielewa bila maelezo.)

Kama unataka kwenda mara moja tu, nenda ile siku ya madubu. Kila Januari kuna mechi ambayo watu wanakuja na midoli ya manyoya, na Bears wakifunga goli la kwanza wote wanaitupa uwanjani. Januari 2025 ilirushwa midoli 102,343, rekodi ya dunia, katika uwanja wa watu 10,500. Piga hesabu: kila mtu kama kumi. Watu wanaingia na mifuko ya taka imejaa, wengine na masanduku ya safari. Tatizo ni kwamba lazima usubiri goli, na goli halina ahadi. Umekalia mfuko, magoti hayana pa kwenda, mtoto wa nyuma yako anakupiga kichwani na sungura kwa sababu hawezi kuvumilia. Likiingia, barafu inapotea. Nilipokuwepo, lililonishangaza ni sauti: haina kishindo, ni ule mporomoko laini unaoendelea na kuendelea, huku wachezaji wakijitupa kwenye lundo kama watoto kwenye marobota ya pamba. Kisha inakuja zaidi ya nusu saa ya kuzoa, kila mtu anatoa mkono, na midoli inagawiwa mashirika ya misaada ya eneo zima. Halafu mechi ya watu, yenye pointi za kweli, inaendelea.

Fainali ya 2023 ndiyo iliyonifanya niwe mtu wao kabisa. Hershey, timu kongwe kuliko zote ligini, dhidi ya Coachella Valley Firebirds, timu iliyokuwa kwenye msimu wake wa kwanza, kutoka jangwani California, ambako barafu inahitaji maelezo. Mechi mbili za kwanza huko jangwani Hershey walipigwa 5–0 na 4–0. Sifuri mbili. Ghalani hakukukalika. Wakarudi nyumbani wakashinda zote tatu, wakaenda jangwani wakapoteza ya sita, ikabaki ya saba, Juni 21. Firebirds wakatangulia 2–0. Kwa saa za huku usiku ulikuwa umekwisha kwenda sana, nami nilikuwa na zamu ya alfajiri. Hershey wakarudisha moja, wakarudisha la pili. Muda wa nyongeza, Mike Vecchione, mtu wa miaka 30, akafunga. Kama kuna mtu wa aina niliyoisema hapo juu, ndiye yeye: mechi za NHL anazihesabu kwa vidole.

Mwaka uliofuata wakakutana tena na Firebirds walewale fainali, na hapo ndipo Strome alipofunga lile goli la video. Mchezaji bora wa mtoano wa 2024 alikuwa Hendrix Lapierre, kijana wa miaka 22 kutoka Quebec, kijana wa kwanza kuchaguliwa na Capitals kwenye usajili wa vijana wa mwaka 2020. Kila mtu alijua huyu ameondoka. Oktoba alianza msimu Washington, kama ilivyotarajiwa. Desemba mambo hayakuwa yakimwendea vizuri, wakamrudisha Hershey. Yule mama wa mapokezi alimsikitikia kwa muda wa chai moja, kisha akachukua kalamu akaanza kunichorea, nyuma ya karatasi ya mizigo, nani sasa acheze naye safu moja ya ushambuliaji.